Bila Sukari Usimpe

Sentensi hiyo Bonifasia aliiandika kwa mkono wake, kwa chaki, kwenye ubao wa kisomo, akaipigia mistari miwili kwa chini. Wanawake kumi na mmoja wakainakili kwenye madaftari yao, ncha za ndimi zimetoka kwa bidii, watoto wamelala migongoni. Bila sukari usimpe.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na saba, na kijiji kilikuwa bado kigeni kwa watu wake. Miaka mitatu nyuma walikuwa wameng'olewa kwenye migomba ya babu zao huko Keza, kila mtu na kilima chake, wakaletwa kupangwa mistari miwili kandokando ya barabara iendayo Biharamulo, nyumba zinatazamana kama watu waliogombana. Migomba ilibaki kule kule kwenye mahame. Mwenye kutaka ndizi alitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mkungu kichwani. Maji yalikuwa ya bonde moja, wakinywa humo watu, ng'ombe na mbuzi, na masika yakianza tu watoto nao wanaanza kuharisha. Mtoto anayeharisha alikuwa hapewi maji. Ndivyo walivyokuta kwa mama zao: ukimnywesha unamwongezea ya kutoa.

Bonifasia hakuwahi kukaa kwenye dawati akiwa mtoto. Kusoma alikujulia ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, akiwa na mimba ya binti yake Uwimana, na alipofika hatua ya nne serikali ya kijiji ikamchagua kwenda kufundishwa juma moja habari za afya ya mama na mtoto. Alirudi na chupa mbili tupu za bia, kijiko cha chai na daftari lenye jalada la kijani.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Maji yachemshwe, yapoe, yajae chupa mbili. Sukari vijiko sita, kila kimoja kisawazishwe kwa kidole. Chumvi nusu kijiko. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, kutwa nzima, hata kama anatapika. Siku ya kwanza wanaume waliokuwa wamekaa mbele ya ofisi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Leonidasi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alimwuliza, "Mwalimu, na bia iliyokuwa humo ulimpa nani?" Akabatizwa Mama Chupa siku hiyo hiyo, na jina likamganda. Alicheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na aliamini kwamba mtu anayecheka na wewe leo atakusikiliza kesho.

Sasa, ile sentensi ilikuwa na sababu yake. Mwanamke mmoja, Esperansia, aliishiwa sukari akatia chumvi peke yake, tena konzi nzima, akidhani chumvi ndiyo dawa kwa kuwa dawa zote zina ukali. Mtoto wake alinusurika kwa bahati ya gari lililokuwa likipita kwenda hospitali. Jioni iliyofuata Bonifasia akaandika ubaoni, akawaambia chumvi bila sukari ni sumu, na wasithubutu. Zaidi ya hapo hakueleza. Yeye mwenyewe hakuwa ameelezwa zaidi ya hapo.

Katika wote kumi na mmoja, aliyemwamini kuliko wote alikuwa Domisiana, mkwe wa yule Mzee Leonidasi. Alikuwa amezaa watoto saba, na watatu tu ndio waliokuwa hai. Wa mwisho aliitwa Nyandwi, jina la mtoto wa saba, na alizaliwa baada ya yale masomo kuanza. Domisiana alimlea kwa daftari. Alichemsha maji mpaka majirani wakamwambia anapika supu ya mawe. Nyandwi aliharisha mara mbili katika mwaka wake wa kwanza, na mara zote mbili chupa zilimsimamisha. Mama mkwe wake, Bibi Clotilda, ambaye mwanzoni alisema hizo ni habari za watu wasiojua kulea, alianza kuwatuma wengine: nendeni kwa Mama Chupa, kijiko chake kina mkono wa heri. Kwa miaka miwili hakufa mtoto hata mmoja wa darasa lile kwa kuharisha. Bonifasia alikuwa akiihesabu miaka hiyo kimoyomoyo, kwa woga, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa pomoni.

Ndipo vikaja vita na Uganda. Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sabini na nane, mgambo wa kijiji waliitwa, na kati ya walioondoka walikuwemo Gozbert, mume wa Bonifasia, na Desderius, mume wa Domisiana. Walipanda gari moja, wakapunga kofia. Magari mengine yote yaliyokuwa yakileta bidhaa nayo yakaenda mbele, upande wa mto Kagera. Mganga wa zahanati alichukuliwa kwenda kutibu majeruhi, zahanati ikafungwa kwa kufuli na nyasi zikaota mlangoni. Duka la kijiji likabaki na viberiti, baadaye likabaki na mizani tu. Sabuni ilikwisha. Chumvi ilipatikana kwa kudunduliza. Sukari watu waliizungumza kama wanavyomzungumza jamaa aliyehamia mbali.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makubwa. Jumatano moja alfajiri, mvua bado inadondoka, Domisiana alibisha mlangoni kwa Bonifasia na Nyandwi mgongoni. Mtoto ameharisha tangu jana mchana, alisema, na sasa anatoa maji matupu. Ziwa alikuwa hanyonyi tena. Domisiana alikuwa na mimba ya wa nane, mimba ya miezi mitano, na huko kwao maziwa ya mwenye mimba hayapewi mtoto.

Bonifasia alichukua kopo lake la sukari. Alijua halina kitu, lakini alilifungua hata hivyo, akalipiga chini kwa kiganja. Akatoka sisimizi mmoja mkavu, wa zamani. Walitazamana. Nyandwi alikuwa amelegea, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alimtazama Bonifasia akanyoosha kidole kwenye kopo, kwa kuwa alikuwa analijua.

Kulikuwa na tetesi kwamba hospitali ya Biharamulo bado wana akiba kidogo kwa ajili ya watoto. Bonifasia hakufikiri mara mbili. Alimvisha Uwimana gauni lake la kitenge, akamkabidhi kwa Domisiana, akachukua kanga na kiazi kimoja cha kuchoma.

"Nitarudi kesho, ikishindikana keshokutwa asubuhi," alisema. "Ningoje. Na ile chumvi usimpe peke yake."

"Bila sukari usimpe," Domisiana alijibu, kama alivyokuwa akijibu darasani. "Nimeshika, mwalimu. Nenda tu."

Alitembea mpaka jua likawa utosini, akabahatika kupata lori lililobeba magogo, akaingia Biharamulo jioni. Alilala kwenye baraza ya hospitali pamoja na akina mama wengine. Asubuhi ya Alhamisi alimsubiri nesi wa wodi ya watoto, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akamweleza habari za mtoto akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule. Nesi hakumkatiza. Aliingia ndani, akatoka na sukari nusu kilo ndani ya karatasi ya kaki, akamwonya asimwonyeshe mtu njiani. Bonifasia alipiga goti kushukuru. Alikuwa ameshageuka kuondoka nesi alipomwita.

"Huko kwenu Ngara, siku hizi ndizi hamna?"

Akasema zipo, tena nyingi, ila ziko mahameni.

"Na mutobe hamkamui?"

Mutobe ni maji ya ndizi mbivu, yale yanayokamuliwa kabla hayajachachushwa kuwa pombe, matamu ya kunata midomoni. Bonifasia alisema wanakamua, kila juma kuna nyumba inakamua. Basi, nesi akasema, hiyo ndiyo sukari yenu. Kikombe kimoja cha mutobe mpya, vikombe vitatu vya maji yaliyochemka, na chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole. Na kama mutobe hakuna, uji mwembamba. Na kama uji hakuna, maji matupu yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko. "Mtoto akikaa bila kunywa ndiyo anakufa, mwanangu. Sukari ni ya kusaidia tu." Aliyasema kwa upole, huku anakunja mikono ya gauni lake kurudi kazini, bila kujua anamwambia nani.

Siku ile hapakuwa na gari. Magari yalikuwa yakija kutoka upande anaokwenda yeye, si kwenda. Bonifasia alitembea. Mwanzoni alikuwa na furaha, na kwa furaha hiyo baadaye hakujisamehe kamwe. Alikuwa akipanga somo kichwani: ataanza na kuwauliza wao wenyewe, ni kitu gani kitamu tulicho nacho ambacho hakitoki dukani? Watahangaika, watataja asali, watataja miwa, halafu ataweka kibuyu mezani na watacheka. Alilisikia cheko la Domisiana juu ya yote.

Ilikuwa mchana, amepumzika kwenye kidaraja, ndipo alipokumbuka kwamba Jumatano ile, alipokuwa akitoka kijijini, aliwapita vijana wa Mzee Leonidasi wanashusha mikungu mibivu uani. Mzee alikuwa akamue ndizi siku hiyo kwa ajili ya pombe ya watu waliomlimia maharage. Uani kwa Mzee Leonidasi ndiko uani kwa Domisiana. Ule mtumbwi wa kukamulia ndizi hukaa hatua kumi kutoka mlangoni pake.

Akasimama, akaanza kukimbia. Mtu hawezi kukimbia kutoka Biharamulo mpaka kijijini kwao. Alikimbia mpaka pumzi ikakata, akatembea, akakimbia tena, na giza lilipoingia watu wa Nyakahura wakamzuia wakamlaza kwao, kwa sababu ya chui na kwa sababu ya askari. Kabla ya jua alikuwa njiani.

Alifika Ijumaa karibu na saa sita. Kwa Mzee Leonidasi palikuwa na watu wengi uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, kimya. Kwa dakika moja alijiambia ni wale waliolima maharage, wamekuja kunywa. Uwimana alimwona wa kwanza, akaja mbio, akamrukia miguuni. Bonifasia alimwinua. Gauni la mtoto lilikuwa limekakamaa kifuani, na nywele za mbele zimeshikana. Alimnusa. Ilikuwa mutobe, imekauka tabaka juu ya tabaka, ya siku mbili.

Nyandwi alikuwa amezikwa asubuhi ile.

Domisiana alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, miguu ameinyoosha, mikono juu ya tumbo la mimba. Alipomwona hakulia. Alimkaribisha akae, akamwuliza kama miguu haikumuuma, akamwuliza kama alipata. Bonifasia akatoa ile karatasi ya kaki. Domisiana akaipokea, akaipima mkononi, akasema ni nyingi.

"Nilikungoja," alisema. "Sikumpa kitu. Jana kutwa alikuwa anautazama mtungi wa maji, mama mkwe akasema mpe basi hata tone, nikamkatalia. Baba mkwe akaleta mutobe, akasema watoto wote wanakunywa, huyu naye ana kosa gani? Nikamwambia wewe mpe Uwimana, huyo ni mzima. Huyu mwalimu amesema bila sukari asipewe." Akaiweka sukari mapajani. "Niliogopa ukirudi ukute nimeharibu."

Bibi Clotilda aliingia wakati huo, akaiona sukari, akaichukua mapajani kwa mkwewe, akatoka nayo. Baada ya muda ikaja chai. Waombolezaji walikuwa hawajaonja chai ya sukari tangu Krismasi, na ingawa ulikuwa msiba, uani paliingia uhai kidogo. Mtu mmoja aliomba kuongezewa. Bonifasia naye alipewa kikombe. Alikishika mpaka kikapoa.

Usiku huo alikuwa na jambo moja tu la kuamua. Watoto wengine wawili katika kijiji walikuwa wameanza kuharisha, mmoja wa Esperansia na mwingine wa nyumba ya mwisho. Sukari ilikuwa imekwisha kwenye chai. Akiwaambia wanawake habari ya mutobe, Domisiana atajua kwamba dawa ya mwanawe ilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na kwamba aliyemzuilia ni yeye Bonifasia. Asipowaambia, wale nao watangoja. Alifikiri kumwendea Esperansia peke yake, kwa siri, amnong'oneze. Lakini alikijua kijiji. Jambo linalonong'onwa mlango wa kwanza linapigiwa kelele mlango wa tatu, na Domisiana angelisikia kisimani, kutoka kwa mtu asiyemhurumia.

Kwa Esperansia alikwenda Jumamosi asubuhi, na kwenye nyumba ile ya mwisho pia, akawachanganyia kwa mkono wake. Jioni akafungua kisomo. Hakutazamia Domisiana aje, kwa kuwa mfiwa haji darasani. Domisiana alikuja. Alikaa mahali pake pa siku zote, mbele, mgongo wake mtupu.

Lile somo alilolipanga njiani Bonifasia hakulitoa. Hakuwauliza kitu gani kitamu hakitoki dukani. Aliweka kibuyu mezani, akasema kipimo, akasema na maneno ya nesi kwamba hata maji matupu yanafaa, kwamba mtoto asikae bila kunywa. Akasema yeye ndiye aliyewafundisha vibaya. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeandika. Wote walikuwa wanatazama kisogo cha Domisiana.

Domisiana akainua mkono, kama walivyofundishwa kuinua.

"Jumatano ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Ya baba mkwe. Ile ile aliyokunywa Uwimana."

"Ile ile," Bonifasia alisema. "Mama Nyandwi, sikujua."

Domisiana alitikisa kichwa kukubali. Akaomba kipimo kirudiwe, kwa kuwa hakuja na kalamu. Bonifasia akakirudia. Domisiana akakisema baada yake, polepole, hakukosea hata neno, kikombe kimoja, vikombe vitatu, ncha za vidole. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri juu ya tumbo, akaenda zake.

Mtoto wa Esperansia alipona. Yule wa nyumba ya mwisho hakupona. Walikuwa wamechelewa kumnywesha, au walikuwa wameogopa, hawakusema. Darasa likashuka kutoka wanawake kumi na mmoja mpaka wanne. Mwezi wa nne redio ya ofisi ilitangaza kwamba mji mkuu wa Uganda umetekwa, watu wakapiga ngoma barabarani, na wengine wakaanza kusema sasa magari yatarudi na sukari itarudi. Gozbert alikuwa hajarudi, wala Desderius, wala barua ya yeyote kati yao.

Wakati watu wanacheza, Bonifasia alichukua kalamu yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliomba kila mmoja daftari la mwaka wa sabini na saba. Wengine walikuwa wameshalichana kuwashia moto, wengine walilitoa kwenye paa, limeliwa na mende. Alitafuta ule ukurasa, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Mpe anywe. Baadhi walimshukuru. Mmoja alimwambia asijisumbue, wao hawakuwahi kuifuata.

Kwa Domisiana alifika wa mwisho. Alipiga hodi. Domisiana alitoka, tumbo limekuwa kubwa, akamsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kuleta daftari. Lilikuwa safi, limefungwa kwa gazeti. Aliufungua mwenyewe ukurasa, bila kutafuta. Pale palikuwa na mwandiko wake wa wakati ule, herufi kubwa zisizosimama sawa, na mistari miwili kwa chini kama ya ubaoni. Bonifasia alinyoosha kalamu.

"Hapana," Domisiana alisema, akalifunga. "Hilo liache. Ndilo nililolifuata."

Hakulisema kwa hasira. Bonifasia akauliza kama, akijaliwa huyu wa nane, atamleta kwake akiharisha. Domisiana alitazama kule ngoma zinakolia, halafu akatazama mtumbwi wa baba mkwe wake, uliogeuzwa chini juu ili mvua isiingie.

"Nitamnyweshea hapa hapa," alisema. "Kipimo ninacho."

Akaingia na daftari lake, akarudisha mlango. Bonifasia alibaki uani na kalamu wazi mkononi mpaka Uwimana alipomvuta kanga, akisema ana kiu.